Sayyida Salme: Binti wa Sultani aliyenyimwa urithi

USIKU wa Agosti 24, mwaka 1866, wanawake wa mji wa Zanzibar waliteremka pwani kuoga, kama ilivyokuwa ada ya Siku ya Mwaka. Miongoni mwao alikuwamo Sayyida Salme, binti wa hayati Sultani Sayyid Said bin Sultan. Wenzake walirejea majumbani. Yeye alipanda mashua iliyompeleka kwenye manowari ya Kiingereza, Highflyer, na safari ya kwenda Aden ikaanza.

Alikuwa hajatimiza miaka 22, na alikuwa mjamzito. Baba wa mtoto huyo alikuwa Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani kutoka Hamburg, ambaye nyumba yake ilipakana na ya Salme.

Kwa desturi za wakati ule hapakuwa na njia ya kulipatanisha jambo hilo. Mwanamke wa kasri hakutoka nje ila usiku, amejifunika na kuvaa barakoa. Zaidi ya hayo, Uislamu ulimruhusu mwanamume kuoa mwanamke Mkristo, lakini haukumruhusu mwanamke Mwislamu kuolewa na asiye Mwislamu.

Hapo ndipo uzito wa mkasa huu ulipo. Salme mwenyewe alizaliwa Agosti 30, mwaka 1844, katika kasri la Mtoni, na mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi aliyetekwa vitani akiwa mtoto na kuuzwa. Baba alichanganya damu na wageni kutoka Kaukazi na Uhabeshi pasipo mtu kunung'unika. Binti alipofanya hivyo kwa hiari ya moyo wake, ilikuwa aibu ya ukoo mzima.

Haikuwa mara yake ya kwanza kukiuka mwiko. Mabinti wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini si kuandika. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia.

Elimu hiyo ya siri ndiyo iliyomtia katika siasa. Sayyid Said alifariki dunia mwaka 1856 akiwa baharini, na Majid akashika kiti cha Zanzibar. Mwaka 1859 ndugu yake, Barghash, alipanga kumpindua. Salme, aliyekuwa na miaka 15 tu na mama yake akiwa amefariki kwa kipindupindu mwaka huo huo, alifuata upande wa dada yake mpenzi, Khole, akawa mwandishi wa barua za waasi. Maasi yalizimwa kwa msaada wa Waingereza na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay.

Majid alimsamehe dada yake, naye akaukubali msamaha huo. Kwa kufanya hivyo aliwapoteza wale aliokuwa ameasi kwa ajili yao: Khole na Barghash waliona amewasaliti. Hivyo alipohamia tena mjini baada ya kuishi mashambani, alikuwa karibu peke yake, akiwatazama kutoka darini majirani wa Kizungu wakila na kucheza pamoja, wanaume kwa wanawake.

Ujauzito ulipojulikana, maisha yake yalikuwa hatarini, na mke wa daktari wa ubalozi wa Uingereza ndiye aliyemsaidia kutoroka. Ruete hakuguswa. Alibaki Zanzibar kwa miezi kadhaa akimalizia shughuli zake za biashara, ilhali Salme alimngoja Aden, akajifungua mtoto wa kiume huko Desemba 1866. Mtoto huyo hakufika Ujerumani. Alifariki akiwa mchanga.

Mei 30, mwaka 1867, alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyo hiyo, kisha wakaelekea Hamburg. Walijaliwa watoto watatu: Antonie, Said na Rosalie. Lakini Agosti 1870 Ruete alikanyagwa na tramu, akafa. Miezi miwili baadaye Majid naye alifariki, na aliyerithi kiti alikuwa Barghash, ndugu ambaye hakuwa tayari kusahau.

Mjane huyo wa miaka 25 aligundua kwamba nchi ya mumewe nayo ilikuwa na miiko yake. Sheria za Hamburg zilimweka mwanamke chini ya wasimamizi wanaume katika mambo ya mali, hata iliyokuwa yake. Yeye aliyekuwa na mashamba na watumwa wa kumhudumia alilazimika kuhama mji hadi mji akitafuta maisha nafuu, na kufundisha Kiarabu ili watoto wale.

Tumaini lake lilikuwa urithi. Ndugu zake kadhaa walikuwa wamefariki tangu alipoondoka, na kila mmoja aliacha mali. Lakini kwa sheria ya Kiislamu, aliyeacha dini hamrithi Mwislamu. Barghash alikuwa na hoja ya sheria mkononi na kinyongo moyoni, na ni vigumu kusema kipi kilikuwa na nguvu zaidi.

Mwaka 1875 Barghash alizuru London. Emily alimfuata huko, lakini Waingereza walimshawishi asimkabili kaka yake, kwa ahadi kwamba watoto wake wangesaidiwa. Sultani alipokwisha kuondoka, alielezwa kuwa watoto hao ni Wajerumani na hivyo hawaihusu Uingereza.

Wajerumani nao walimtumia kwa namna yao. Mwaka 1885, Bismarck alipokuwa akimshinikiza Barghash akubali utawala wa Kijerumani bara, Emily alisafirishwa hadi Zanzibar wakati manowari za Kijerumani zikiwa zimetia nanga mbele ya kasri. Alipopita mitaani wenyeji walimlaki kwa furaha, lakini Barghash alikataa kumpokea. Mambo ya bara yalipokubaliwa, madai ya urithi yalisahauliwa na waliomleta.

Mwaka uliofuata alichapisha mjini Berlin kitabu cha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Yule aliyekatazwa kuandika alikuwa ameacha maelezo ya ndani kuliko yote kuhusu maisha ya kasri la Zanzibar. Ndani yake, hata hivyo, aliutetea utumwa wa Mashariki, akidai haukufanana na ule wa Marekani, kurasa ambazo msomaji wa leo hawezi kuzipita kimya.

Barghash alifariki Machi 1888. Emily alirudi Zanzibar mwaka huo kujaribu kwa mrithi wake, Khalifa, lakini nako hakupata kitu. Kwa hasira hakukaa tena Ujerumani kwa miaka mingi. Aliishi Jaffa, kisha Beirut hadi mwaka 1914, mahali alipoweza kusikia adhana na lugha ya baba yake. Zanzibar ilimkumbuka akiwa mzee sana, Sultani Khalifa bin Harub alipomkubalia posho ndogo.

Alifariki dunia mjini Jena Februari 29, mwaka 1924, akiwa na miaka 79, na kuzikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na mumewe. Inasimuliwa kuwa alizikwa na mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Zanzibar.

Mwanawe, Rudolph Said-Ruete, aliandika wasifu wa babu yake, Sayyid Said, uliochapishwa mwaka 1929. Na mwaka 2019 uwanja mmoja mjini Hamburg ulipewa jina la Emily Ruete. Haikuchukua muda, jina hilo likaamuliwa kuondolewa, kwa sababu ya zile kurasa za utumwa.