Janusz Korczak: Mlezi aliyekubali kushtakiwa na watoto wake

KATIKA mwongo wa 1920, jijini Warsaw nchini Poland, palikuwa na makao ya mayatima ambako mtoto yeyote aliyehisi kuwa ameonewa na mkuu wa makao hayo aliweza kumshtaki. Kesi ilisikizwa na waamuzi watano, wote wakiwa watoto, na uamuzi wao ukawa ni uamuzi. Mkuu huyo alikuwa daktari mwenye kipara na ndevu fupi, aliyeitwa Janusz Korczak.

Hilo halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alizaliwa Warsaw mnamo Julai 22, katika familia ya Kiyahudi, akaitwa Henryk Goldszmit. Mwaka wenyewe ni ama 1878 au 1879, kwani baba yake, wakili Józef Goldszmit, alichelewa kumsajili. Jina la Korczak alilichukua kutoka riwaya moja ya Kipoland aliposhiriki shindano la uandishi mwaka wa 1898, nalo likamganda maisha yake yote.

Warsaw ya wakati huo ilikuwa chini ya Milki ya Urusi. Watoto walisomeshwa kwa Kirusi, na kiboko kilikuwa sehemu ya somo. Henryk akiwa mdogo alimshuhudia mwanafunzi mwenzake akichapwa, na hofu aliyoipata siku hiyo hakuisahau hata uzeeni. Nyumbani nako hakukuwa shwari. Baba yake alishikwa na maradhi ya akili, fedha za familia zikaishia katika matibabu, na alipofariki mwaka wa 1896 kijana huyo alikuwa tayari akiwafundisha watoto wa matajiri ili mama na dada yake wapate riziki.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Warsaw, akafanya kazi kwa miaka kadhaa katika hospitali ya watoto, na mwaka wa 1905 akapelekwa kuwatibu askari katika vita baina ya Urusi na Japani. Aidha, alizuru Berlin, Paris na London kujifunza zaidi. Vitabu vyake vilikuwa vimeanza kusomwa, na wagonjwa wenye uwezo walimtafuta. Njia ya utajiri ilikuwa wazi mbele yake.

Hata hivyo, hospitali ilimwachia swali ambalo halikumpa usingizi. Mtoto maskini aliponywa, akarejea katika chumba kilekile chenye unyevu, njaa na matusi, kisha akarudi hospitalini. Daktari alitibu homa lakini hakugusa maisha. Mwaka wa 1912 aliiacha kazi hiyo na kuchukua uongozi wa Nyumba ya Mayatima, jengo jipya katika barabara ya Krochmalna, lililojengwa kwa ajili ya watoto wa Kiyahudi wapatao 100.

Hakuwa peke yake. Stefania Wilczyńska, aliyezaliwa mwaka wa 1886, ndiye aliyeiendesha nyumba hiyo siku hata siku. Ndiye aliyekagua nguo, chakula, meno na masomo. Korczak alipoitwa tena jeshini katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamke huyo aliubeba mzigo wote kwa miaka kadhaa. Historia imemkumba katika kivuli cha mwenzake, na hilo si haki, maana mawazo ya Korczak yasingedumu hata muhula mmoja bila mikono ya Stefania.

Watoto waliofika Krochmalna walikuwa wamezoea kunyang'anya ili wale na kusema uongo ili wasipigwe. Wengi wa walezi wa zama hizo wangetumia fimbo, kwa imani kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Korczak aliona tatizo kwa jicho jingine. Kwa maoni yake, mtoto aliyeishi chini ya ubabe hawezi kuijua haki kwa kuhubiriwa. Sharti aishi mahali ambapo haki ipo, aitendee kazi kwa mikono yake, na aione ikimlinda yeye na adui yake kwa kipimo kimoja.

Ndipo ikazaliwa mahakama ya watoto. Aliyekuwa na lalamiko aliliandikisha ubaoni. Waamuzi walichaguliwa kwa kura ya bahati nasibu miongoni mwa watoto ambao hawakuwa na kesi juma hilo, na Korczak aliwaandikia sheria ambayo huenda haina mfano. Vifungu vyote vya kwanza, hadi cha 99, vilihusu msamaha. Kimoja kilisamehe kwa kuwa mkosaji hakujua, kingine kwa kuwa ametubu, kingine kwa kuwa alighadhibika, kingine kwa kuwa hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. Ni kuanzia kifungu cha 100 tu ambapo mahakama ilitamka kuwa mshtakiwa amekosa, na hata hapo adhabu mara nyingi ilikuwa ni tamko lenyewe. Vifungu vilipanda kwa mamia: jina kuandikwa katika gazeti la nyumba, kubandikwa ubaoni, jamaa kuarifiwa. Kifungu cha 1000, ambacho ni kufukuzwa, kilitumika kwa nadra mno.

Thamani ya utaratibu huo haikuwa katika hukumu pekee. Mtoto aliyepigwa leo asubuhi alilazimika kungoja kesi isikizwe, na katika kungoja huko hasira ilipoa. Aliyekuwa mwamuzi alilazimika kujiuliza mwenzake alihisi nini alipotenda kosa. Kesi nyingi zilifutwa na walalamishi wenyewe kabla ya kufika mbele ya waamuzi. Leo wataalamu wa elimu huziita stadi za kijamii na za kihisia, na wameziandalia mitaala tangu miaka ya 1990. Korczak hakuwa na jina hilo, bali ubao, kalamu na subira.

Isidhaniwe kuwa mambo yalikwenda sawa tangu mwanzo. Watoto wengine waliidharau mahakama, wengine wakaijaza kesi za upuuzi, na wapo waliowatisha mashahidi. Wakati mmoja Korczak aliisitisha. Ilirejeshwa baada ya majuma kadhaa ikiwa na marekebisho, na moja la hayo ndilo lililoushangaza ulimwengu wa walimu: kuanzia hapo, walezi nao waliweza kushtakiwa. Yeye mwenyewe alishtakiwa mara tano katika kipindi cha nusu mwaka. Makosa yake, aliyoyaandika bila kuficha katika kitabu chake kuhusu jinsi ya kumpenda mtoto, yalikuwa pamoja na kumpiga mvulana kofi na kumshuku msichana kuwa mwizi. Alikiri kuwa kesi hizo zilimfunza yeye kuwa mlezi mwenye kufuata katiba, asiyewaumiza watoto kwa sababu sheria haimruhusu.

Kulikuwa na mbinu nyingine, baadhi zikiwa ndogo lakini zenye werevu. Mtoto mgeni alikabidhiwa mlezi mtoto mwenzake kwa miezi mitatu, na mara nyingi mlezi huyo alikuwa mtukutu wa jana. Mtoto mgomvi hakuamrishwa aache ugomvi. Alifika kwa Korczak na kuwekeana naye dau kwamba juma lijalo atapigana mara chache kuliko juma hili. Akifaulu alipata peremende. Hakuna aliyemchunguza, kwani neno lake lilitosha. Aliyepunguza ugomvi kutoka mara saba hadi sita alihesabiwa kuwa ameshinda, na juma lililofuata akaweka dau jingine.

Si kila jambo la Krochmalna linalopendeza macho ya leo. Baada ya muda, kila mtoto alipigiwa kura na wenzake wote kwa alama za kujumlisha, kutoa au sufuri, na matokeo yakampa daraja, la chini kabisa likiwa la mkazi msumbufu. Korczak aliamini kuwa ni heri mtoto ajue ukweli kuhusu anavyoonwa na wenzake, maadamu ana nafasi ya kuomba kura irudiwe. Pengine ni hivyo. Lakini ni vigumu kutomfikiria mtoto wa miaka minane aliyeisoma hesabu hiyo kisha akaenda kulala.

Mwaka wa 1926 alianzisha gazeti la watoto, lililotolewa kila juma pamoja na gazeti moja la kila siku la Wayahudi wa Warsaw, na waandishi wake walikuwa watoto. Toleo la mwisho lilichapishwa Septemba 1, 1939, siku ambayo majeshi ya Ujerumani yaliivamia Poland. Kabla ya hapo, sauti yake ilikuwa imesikika nchini kote redioni kwa jina la Daktari Mzee, hadi chuki dhidi ya Wayahudi ilipokifanya kipindi chake kiondolewe mwaka wa 1936.

Mwezi wa Novemba 1940 watoto walilazimishwa kuhama Krochmalna na kuingia katika mtaa uliozungushiwa ukuta, walimofungiwa Wayahudi wa jiji hilo. Korczak alipolalamika kwa wakuu wa Kijerumani kuhusu shehena ya viazi vya watoto iliyotwaliwa, alitiwa gerezani. Alipotoka alikuwa mgonjwa, lakini kila siku alizunguka akibisha milango kuomba chakula cha watoto ambao sasa walifikia takriban 200. Ajabu ni kwamba utaratibu wa nyumba uliendelea. Masomo yaliendelea, zamu za kazi ziliendelea, na mahakama ilizidi kusikiza kesi huku nje ya dirisha watu wakifa barabarani kwa njaa. Mnamo Julai 18, 1942, watoto waliigiza tamthilia ya Rabindranath Tagore, mshairi wa India, kuhusu mvulana mgonjwa anayekingoja kifo chumbani mwake.

Uhamisho wa Wayahudi kwenda kambi ya mauaji ya Treblinka ulianza siku nne baadaye. Igor Newerly, aliyewahi kuwa katibu wake, alikuwa amemletea hati bandia za kumtoa ndani ya ukuta. Korczak alikataa, na hakuwa na maelezo marefu. Mnamo Agosti 5 watoto walipangwa kwa safu, wakatembea hadi kituo cha garimoshi, yeye na Stefania wakiwa pamoja nao. Hakuna aliyerudi.

Shajara aliyoiandika katika miezi yake ya mwisho ilitoroshwa, ikafichwa ndani ya ukuta wa nyumba nyingine ya watoto aliyowahi kuisaidia, na ikachapishwa mwaka wa 1958. Mwaka wa 1978 serikali ya Poland iliupelekea Umoja wa Mataifa pendekezo la mkataba wa haki za watoto, huku jina la Korczak likitajwa tena na tena na waliolitetea. Mkataba ulipitishwa Novemba 20, 1989, na Kenya ikauidhinisha Julai 1990. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001.

Treblinka kuna maelfu ya mawe ya ukumbusho. Mengi hayana maandishi, mengine yana majina ya miji, na ni moja tu lenye jina la mtu, nalo ni la Korczak na watoto wake. Stakabadhi za serikali zilichelewa zaidi. Kwa miongo kadhaa zilionyesha kuwa alifariki Mei 1946, tarehe waliyowekewa wengi waliopotea vitani, hadi mahakama ya Lublin ilipoisahihisha mwaka wa 2015 na kuandika Agosti 7, 1942.