Beryl Markham: Rubani aliyevuka Atlantiki peke yake

Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1902, akalelewa Njoro, ambako babake alifunza farasi wa mashindano. Alijifunza urubani Nairobi, na mwaka wa 1932 akasafiri angani peke yake hadi Uingereza.

Mnamo Septemba 4, 1936, aliondoka Abingdon, Uingereza, kuelekea New York, akikabili upepo bila redio. Baada ya takriban saa 21 injini ilikosa mafuta, naye akaanguka kinamasini Nova Scotia, Kanada. Alinusurika na jeraha kichwani.

New York ilimshangilia. Hata hivyo, uzeeni aliishi kwa uhitaji kando ya uwanja wa farasi wa Ngong Road, Nairobi, hadi kitabu chake kilipochapishwa upya mwaka wa 1983. Alifariki jijini humo mwaka wa 1986.