Galileo Galilei, mtu aliyepima mwendo



Wanafunzi wengi wanashika formula za mwendo kwa kichwa, sawa kasuku. Mwalimu akigeuza swali kidogo tu, kalamu inasimama. Na mtihani wa Serikali haungoji mtu. Kwa hiyo siye wa darasa la sita tumeona vema kuwaeleza maisha ya yule aliyeitafuta njia hii bila kitabu cha kumwonyesha.

Galileo Galilei alizaliwa Pisa, katika Italia, tarehe 15 Februari 1564. Baba yake, Vincenzo, alikuwa mpiga muziki, naye alitaka mtoto awe mganga. Mwaka 1581 kijana aliingia chuo kikuu cha Pisa, lakini hesabu ilimvuta kuliko uganga, na mwaka 1585 akatoka bila diploma. Kumbe mwaka 1589 alirudi palepale akiwa mwalimu wa hesabu! Kisha, toka 1592 mpaka 1610, alifundisha Padova.

Siku zile watu walifuata Aristotle, eti kitu kikizidi uzito kinazidi pia upesi wa kuanguka. Galileo alitaka kupima. Lakini kitu kinachoanguka kinakimbia mno, na saa ya kuhesabu sekunde vizuri haikuwako. Basi akapunguza mwendo wenyewe. Alichukua ubao mrefu wenye mfereji laini, akauinamisha kidogo, akateremsha ndani yake mpira mdogo wa shaba. Wakati aliupima kwa maji: aliyaacha yatoke chomboni kwa mrija mwembamba, halafu akapima uzito wa yale yaliyotoka. Alirudia mara nyingi sana.

Hata yeye hakufika mara moja. Mwaka 1604 alimwandikia Paolo Sarpi akidhani kwamba mbio inaongezeka kwa kadiri ya njia iliyopitwa. Haikuwa hivyo. Baadaye alitambua kwamba inaongezeka kwa kadiri ya wakati, na hapo fundo likafunguka. Kitu kikianzia kusimama, kikapita kipimo 1 katika sekunde ya kwanza, kitapita 3 katika ya pili, 5 katika ya tatu, 7 katika ya nne. Mkijumlisha mnapata 1, 4, 9, 16. Wakati ukiwa mara mbili, njia ni mara nne.

Tuchukue chukudu inayoachwa kwenye mteremko hapa Nyabiondo, ikiongeza mbio metre 0,5 kwa sekunde, kila sekunde. Kisha sekunde 10, mbio ni metre 5 kwa sekunde, na njia ni metre 25. Kisha sekunde 20, wengine watajibu metre 50. Hapana! Mbio ndiyo imekuwa mara mbili, yaani metre 10 kwa sekunde, lakini njia ni metre 100. Basi, mbele ya kukimbilia formula, andikeni kwanza mnayopewa: mbio ya mwanzo, nyongeza, wakati, njia. Kisha tazameni ni lipi linalotafutwa.

Mwaka 1610 Galileo aliona kwa darubini miezi minne ikizunguka Jupita. Alitetea kwamba dunia inazunguka jua, na mwaka 1633 mahakama ya Kanisa Katoliki huko Roma ilimlazimisha kuyakana hayo. Akafungiwa nyumbani kwake Arcetri, karibu na Firenze. Mwaka 1634 binti yake Maria Celeste, aliyekuwa akimfariji kwa barua, akafariki. Lakini katika kifungo kile mzee alirudia kazi yake ya mwendo, akaimaliza. Kitabu kilipigwa chapa Leiden, katika Uholanzi, mwaka 1638, wakati macho yake yamekwisha kupofuka. Alifariki tarehe 8 Januari 1642. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikubali kwamba waliomhukumu walikosa.

Ndugu zetu, tusiseme kwamba bila vyombo vya bei kubwa fizika haiwezekani. Ubao, mpira mdogo na kopo la maji havikosekani kwetu. Jaribuni, pimeni, tena rudieni.