ABUL-QASIM AZ-ZAHRAWI NA MARADHI YA DAMU ISIYOGANDA

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu msomaji, vijana wetu wengi wanaosoma katika skuli huyajua majina ya matabibu wakubwa wa Ulaya, na jambo hilo ni la kheri, kwani elimu haina kabila. Lakini uwaulizapo khabari za Abul-Qasim az-Zahrawi, hutazamana. Basi tumeona tuwaletee khabari za maisha yake, khasa kwa ajili ya jambo moja aliloliandika, nalo lamhusu kila mzazi aliye na mtoto wa kiume ambaye hajatahiriwa.

Jina lake ni Abul-Qasim Khalaf bin Abbas az-Zahrawi al-Ansari. Kuitwa al-Ansari ni kunasibishwa na Ansari wa Madina. Na kuitwa az-Zahrawi ni kunasibishwa na Madinat az-Zahra, mji wa kifalme ambao Khalifa Abdur-Rahman wa Tatu aliujenga nje kidogo ya Kurtuba katika nchi ya Andalusia, ambayo leo ni Hispania. Alizaliwa yapata mwaka 936. Kurtuba zamani hizo ulikuwa mji mashuhuri kwa misikiti yake, wanavyuoni wake na maktaba yake kubwa ya Khalifa al-Hakam wa Pili. Huko ndiko az-Zahrawi alikoishi, akatibu watu na akasomesha.

Waandishi wa tarehe hawakutuachia mengi juu ya nyumba yake wala watoto wake. Al-Humaydi, aliyeandika katika karne iliyofuata, alimtaja kwa maneno machache. Na Ibn Hazm, mwanachuoni mkubwa wa Andalusia, alikisifu kitabu chake. Basi atakaye kumjua mtu huyu, na amtafute ndani ya kitabu hicho, kiitwacho at-Tasrif.

At-Tasrif ni kitabu cha sehemu 30, na ni matunda ya kazi ya karibu miaka 50. Ndani yake mna khabari za maradhi, dawa na vyakula. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji: kuchoma kwa moto, kupasua kwa kisu, na kuunga mifupa. Humo alichora picha za vyombo vya kazi yake vipatavyo 200, ili mwanafunzi asiyemwona mwalimu wake aweze hata hivyo kumwendea mhunzi na kuagizia chombo kilicho sawa. Na wanafunzi wake huwaita wanawe.

Sababu ya kuandika sehemu hiyo aliieleza mwenyewe. Aliona kuwa elimu ya upasuaji imedhoofika katika nchi yake, na kisu kimeshikwa na watu wasiojua mishipa imepita wapi. Alimshuhudia tabibu mjinga akipasua uvimbe katika shingo ya mwanamke. Yule mtu akaikata mishipa mikubwa, na damu ya yule maskini ikamwagika mpaka akaanguka maiti mbele yake. Tangu hapo twamwona az-Zahrawi katika kitabu chake akikariri wasia mmoja: asishike kisu asiyesoma kwanza namna mwili ulivyoumbwa.

Kwa hiyo aliishughulikia sana damu. Aliandika kuwa mshipa mkubwa ukikatika, tabibu aukandamize upesi kwa kidole, kisha atumie moja katika njia nne. Ya kwanza ni kuuchoma kwa chuma cha moto. Ya pili, ikiwa mshipa umekatika nusu, ni kuukata kabisa, ili ncha zake zijikunje na kujifunga. Ya tatu ni kuufunga imara kwa uzi. Na ya nne ni kuweka dawa za kuzuia damu na kukaza bandeji. Mpaka hii leo wapasuaji wangali wakichoma na kufunga kwa uzi, ijapokuwa vyombo vyao vimebadilika.

Sasa twafika kwenye jambo tulilolikusudia. Mahali pengine katika kitabu hicho ameandika khabari za kijiji kimoja cha Andalusia. Alipewa khabari kuwa baadhi ya wanaume wa huko, wakipata jeraha, damu huwatoka bila ya kusita mpaka wakafa. Alitajiwa mtoto mmoja aliyesugua ufizi wake kwa mkono, damu ikaanza kumtoka, isikome mpaka akafariki. Na mwengine alitolewa damu mshipani kwa ajili ya matibabu, naye akafa vivyo hivyo.

Tazama, ndugu yangu, namna mwanachuoni huyu alivyofanya. Hakuzua sababu. Alisema kuwa hakuyaona maradhi hayo mahali pengine, wala hakuyakuta katika vitabu vya watu wa kale, na sababu yake haijui. Akashauri pachomwe upesi mahali panapotoka damu mpaka ikatike, na hapo hapo akakiri kuwa hajaijaribu dawa hiyo kwa maradhi haya. Tabibu mkubwa wa zama zake hakuona haya kuandika kuwa hajui. Na kwa kuwa aliandika kweli tupu bila ya kuichanganya na dhana, wataalamu wa leo wanapoisoma khabari ile huyatambua maradhi yenyewe. Wayaita himofilia, na maandishi ya az-Zahrawi wayahesabu kuwa miongoni mwa maelezo ya mwanzo kabisa ya maradhi haya.

Az-Zahrawi alifariki baada ya mwaka 400 wa Hijra, na wengi hutaja mwaka 1013, katika siku ambazo Madinat az-Zahra ulikuwa umekwisha haribiwa kwa fitina za watu wake wenyewe. Mji ulikuwa magofu, lakini kitabu kilisalimika. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliifasiri sehemu ya upasuaji kwa Kilatini katika mji wa Toledo, na Wazungu wakaisoma kwa karne nyingi.

Lile alilokiri kutolijua, Mwenyezi Mungu amewafunulia waliokuja nyuma yake. Mshipa ukikatika hujikaza. Kisha chembe ndogo sana zilizomo damuni hukusanyika na kuziba tundu. Kisha protini za damu huamshana moja baada ya moja, mpaka zikafuma nyuzi kama wavu wa mvuvi, zikalishika lile donge. Mwenye himofilia amepungukiwa na protini moja, ya nane au ya tisa kwa hesabu ya wataalamu, na wavu wake haufumiki sawasawa. Upungufu huo mara nyingi mtoto huurithi kwa mama yake, ambaye yeye mwenyewe huenda asiumwe na chochote. Kwa hiyo kila mtoto wa kiume wa mama huyo yumkini nusu kwa nusu kuupata. Ndiyo sababu az-Zahrawi alisikia khabari za wanaume.

Na sisi je? Az-Zahrawi aliandika pia mlango wa kutahiri watoto, akasema kuwa watu wa kale hawakuuandika kwa kuwa haukuwa katika dini zao, na yeye ameujua kwa uzoefu. Lau tungeisoma milango yake hii miwili pamoja, tungeuliza kabla ya kumwita ngariba: Je, mtoto huyu hupata uvimbe na vilio vya damu bila ya sababu kubwa? Je, ndugu zake au wajomba zake walitokwa na damu nyingi walipotahiriwa au walipong'olewa jino? Ikiwa jawabu ni ndiyo, apelekwe hospitali akapimwe damu. Na asiye na jamaa mgonjwa pia asipuuze dalili, kwani huenda maradhi yakaanza kwake. Kuakhirisha tohara kwa sababu hiyo si kuipuuza suna. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sharia. Mtoto huyo aweza kutahiriwa hospitalini, akiwa amepewa kwanza ile protini iliyopungua. Wala asipewe aspirini, kwani huzidisha kutoka damu. Na mtu mzima anayemeza dawa za kuzuia damu isigande, kwa ajili ya moyo au mishipa, asende kuumikwa wala kung'oa jino kabla ya kumwuliza daktari wake.

Wako kwetu wasemao kuwa mtoto wa namna hii amepigwa jicho, wakamvika hirizi. Na wako wamlaumuo mama kuwa ana mkosi. Hayo ni dhulma. Mama hana kosa katika alichoumbiwa, na hirizi haigandishi damu. Az-Zahrawi hakujua sababu, akanyamaza. Sisi tumekwisha ambiwa sababu. Basi tukiendelea kukata bila ya kuuliza, udhuru wetu u wapi?

Mwenyezi Mungu amrehemu Abul-Qasim az-Zahrawi, atunufaishe kwa elimu yake, na awahifadhi watoto wetu. Amin.