Maisha ya Luigi Galvani

Mimi hujifunza kupiga kinanda, na mkono wangu wa kushoto ni mzito kama gogo. Muhula uliopita nilisikia kwamba siku hizi wataalamu hupitisha umeme kidogo kichwani ili mtu ajifunze upesi kazi ya mikono. Nikatamani kujaribu kwa betri za redio. Mwalimu wa sayansi akanizuia, akanipa kitabu cha maisha ya Galvani. Nawaeleza kwa ufupi.

Luigi Galvani alizaliwa Bologna, Italia, tarehe 9 Septemba, 1737. Alisomea utabibu, akawa mwalimu wa Chuo Kikuu cha mji ule. Mkewe, Lucia, alimsaidia katika kazi yake mpaka alipofariki. Siku moja mshipa wa fahamu wa chura aliyekufa uliguswa kwa kisu, huku mashine ya umeme ikitoa cheche karibu. Mara miguu ikarusha teke! Galvani hakuwa na haraka. Alilichungua jambo hilo miaka mingi, na mwaka 1791 akatangaza kwamba umo umeme ndani ya mwili wenyewe. Alessandro Volta alimpinga, akasema umeme ule watokana na madini mawili ya namna mbalimbali. Kila mmoja alishika sehemu ya kweli: Volta alitengeneza betri, akaitangaza mwaka 1800, na leo twajua kuwa ubongo huamrisha misuli kwa umeme upitao katika mishipa ya fahamu.

Mwaka 1798 serikali mpya, iliyosimamishwa na majeshi ya Ufaransa, ilitaka walimu wale kiapo. Dhamiri ya Galvani ilikataa, naye akapoteza kazi na mshahara. Alifariki tarehe 4 Desemba, mwaka ule ule.

Mwaka 2017 wataalamu wa Calgary, Kanada, walieleza kwamba vijana wazima waliopitishiwa umeme hafifu kichwani, huku wakichomeka vijiti matunduni kwa mkono wa kushoto, walijifunza upesi kuliko wenzao. Lakini wote walifanya zoezi lile lile siku tatu, tena chini ya macho ya wataalamu. Hakuna aliyepata ujuzi kwa kukaa tu.

Basi nimezirudisha betri redioni. Kila jioni hupiga kinanda nusu saa kwa mkono wa kushoto peke yake. Bado ni mzito, lakini juzi ulimaliza wimbo mmoja bila kukosea.