Zheng He: Mateka aliyepanda hadi kuwa jemadari wa bahari wa China

WANAFUNZI wa historia nchini hukaririshwa jina la Vasco da Gama, Mreno aliyetia nanga Malindi mnamo Aprili 1498, na nguzo yake ingali imesimama ufuoni kama ushahidi. Ni wachache wanaosomeshwa kwa kina habari za afisa wa kijeshi wa China ambaye msafara wake ulifika mwambao huo huo takriban miaka 80 kabla ya Mreno huyo. Afisa huyo ni Zheng He.

Mkazi wa Sugoi, nje ya jiji la Eldoret na mamia ya kilomita kutoka baharini, ana haki ya kuuliza habari hizi zinamhusu nini. Jibu ni kwamba jina la marehemu huyu limerudi katika siasa za mikopo na miundomsingi. Mnamo Mei 2017, Rais Xi Jinping alipofungua kongamano la kwanza la Ukanda Mmoja, Njia Moja jijini Beijing, alimtaja Zheng He miongoni mwa wasafiri waliokumbukwa kama wajumbe wa urafiki wala si wavamizi. Mwezi huo huo, reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyojengwa kwa mikopo ya China, ilizinduliwa. Mnamo Oktoba 2023, William Ruto, ambaye boma lake liko Sugoi, alihudhuria kongamano la tatu akiwa Rais wa Kenya. Kwa hivyo, ni vyema kumjua mtu mwenyewe kabla ya kuipokea sifa anayopewa.

Alizaliwa mwaka 1371 katika mkoa wa Yunnan, kusini magharibi mwa China, akaitwa Ma He. Familia yake ilikuwa ya Kiislamu, na baba yake pamoja na babu yake walijulikana kwa lakabu ya Haji. Yunnan wakati huo ilikuwa bado mikononi mwa mabaki ya utawala wa Wamongolia. Majeshi ya ukoo mpya wa Ming yalipouvamia mkoa huo mwishoni mwa 1381, baba yake alifariki, naye mtoto wa miaka kumi hivi akatekwa, akahasiwa, na kupelekwa kumtumikia Zhu Di, mwanamfalme aliyekuwa akilinda mpaka wa kaskazini kutoka mji ambao leo ni Beijing.

Ukatili huo ndio uliomfungulia mlango wa jeshi. Towashi hakuwa na mke wala mrithi wa kumpigania, kwa hivyo bwana wake alimwamini kuliko alivyowaamini jamaa zake. Ma He alikulia katika kambi za vita dhidi ya Wamongolia. Zhu Di alipoasi dhidi ya mpwa wake aliyekuwa mfalme, katika vita vya kati ya 1399 na 1402, kijana huyo alikuwa miongoni mwa makamanda wake na akajipatia sifa katika kuulinda mji wa bwana wake. Mwanamfalme alishinda, akajitawaza kwa jina la Yongle, na mnamo 1404 akamtunukia mtumishi wake jina la Zheng. Akamteua pia kuwa mkuu wa idara ya matowashi iliyosimamia kazi za kasri.

Mwaka uliofuata alikabidhiwa wadhifa uliomfanya asisahaulike. Msafara wa kwanza uling'oa nanga mwaka 1405 ukiwa na watu wapatao 27,800, wengi wao wakiwa askari. Historia rasmi ya Ming inadai kwamba merikebu kubwa zaidi zilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 120. Mabingwa wengi wa ujenzi wa vyombo vya mbao hawaikubali hesabu hiyo, nami naona wana hoja, ila hata ukiigawa kwa nusu, da Gama na watu wake wasiofika 200 wangeonekana wavuvi mbele yake.

Zheng He aliongoza misafara saba kati ya 1405 na 1433. Kazi yake ilikuwa kupeleka zawadi na hariri, kupokea kodi ya heshima, na kuwarejesha mabalozi makwao. Hata hivyo, alipopingwa alipigana. Mnamo 1407, huko Palembang katika kisiwa cha Sumatra, alimshambulia haramia Chen Zuyi, akaua zaidi ya watu 5,000 na kumpeleka kiongozi wao Nanjing alikouawa kwa hukumu ya kifo. Katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, alisimamisha jiwe lenye maandishi ya Kichina, Kitamil na Kiajemi, likimtukuza Buddha, mungu wa Wahindu na Mwenyezi Mungu wa Waislamu kwa zamu. Muda mfupi baadaye, mnamo 1411, aligombana na mtawala wa kisiwa hicho, akaingia mji wake mkuu kwa ghafla na askari wapatao 2,000, akamkamata pamoja na familia yake na kumsafirisha hadi China. Mfalme Yongle alimsamehe, lakini kiti chake kilipata mtu mwingine. Mnamo 1415 kiongozi mwingine wa waasi huko Sumatra alikamatwa vivyo hivyo.

Wenyeji wa nyanda zetu hizi hawahitaji kukumbushwa jinsi afisa wa jeshi anavyoweza kuja kwa jina la maelewano. Koitalel arap Samoei aliuawa Oktoba 19, 1905 na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Zheng He hakutenda lolote kama hilo katika pwani yetu. Ila hakuwa mfanyabiashara aliyejihami tu. Alikuwa kamanda, na zawadi zake zilitolewa mbele ya maelfu ya askari.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba Malindi haikusubiri kugunduliwa. Mnamo 1415 wajumbe wa Malindi walifika China wakiwa na twiga. Mnyama huyo alistaajabisha kasri lote, akalinganishwa na qilin, kiumbe wa hekaya za Kichina anayeaminika kutokea tu wakati wa utawala wa haki. Kwa Yongle, aliyenyakua kiti kwa upanga, hiyo ilikuwa zawadi isiyo na kifani. Msafara wa tano, wa 1417 hadi 1419, ulitumwa kuwarejesha mabalozi makwao. Kabla ya kuondoka, Zheng He alizuru makaburi ya Waislamu huko Quanzhou, China, akafukiza ubani. Mogadishu ilitoa pundamilia na simba, Barawa ngamia na mbuni.

Yongle alifariki mwaka 1424 na mrithi wake akasimamisha safari hizo, akampa Zheng He ukamanda wa kikosi cha Nanjing. Alirudi baharini mara moja tu, katika msafara wa 1431 hadi 1433. Wanahistoria wengi wanasema alifariki wakati wa safari hiyo. Wengine wanataja 1435. Baada yake serikali iligeukia mpaka wa kaskazini, nazo gharama za merikebu zikaonekana mzigo.

Katika mwambao wetu, sarafu za enzi ya Yongle zimefukuliwa Mambrui na katika kisiwa cha Manda. Sarafu husafiri na mfanyabiashara yeyote, kwa hivyo hazithibitishi kwamba jemadari mwenyewe alikanyaga hapo. Nayo dhana kwamba Shanga, kisiwani Pate, ilipewa jina na mabaharia wa Shanghai haina mashiko, maana wachimbaji wa mambo ya kale wameonyesha kuwa watu waliishi Shanga tangu karne ya nane.

Nanjing kuna kaburi lake, lililokarabatiwa kwa mtindo wa Kiislamu. Ndani hamna mwili.