Hollis: Kutoka Kinandi hadi historia ya Wahispania

MGENI afikaye Eldoret huenda asijue kwamba jina la mji huo lina asili ya Kimaasai, likimaanisha mto wenye mawe, na kwamba Uasin Gishu ni jina la Wamaasai waliotoweka katika nyanda hizo katika karne ya 19. Watu wa makamo bado huuita mji huo Sisibo, kwa nambari 64 ya shamba ambapo ulianzia. Wenye lugha huondoka, majina husalia.

Miongoni mwa Wazungu wa kwanza kuyachunguza mambo hayo kwa makini alikuwa Sir Alfred Claud Hollis, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1874 na kuingia katika utumishi wa serikali ya Afrika Mashariki mwaka 1897. Kitabu chake kuhusu Wamaasai, lugha yao na hadithi zao, kilitolewa mwaka 1905.

Oktoba 19 mwaka huo huo, Orkoiyot wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliuawa na Kapteni Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Ukinzani wa miaka kumi ukavunjwa. Mifugo ilitekwa, nyumba zikateketezwa, na Wanandi wakasukumwa katika eneo walilotengewa.

Ni kwa watu hao waliokuwa wangali katika matanga ambapo Hollis alijifunza Kinandi. Tangu 1907 alikuwa Katibu wa Masuala ya Wenyeji, na mwaka 1909 kitabu chake kuhusu Wanandi kilichapishwa huko Oxford. Ndani yake mna sarufi, ngano, methali, vitendawili, na maelezo ya koo pamoja na mnyama wa kila ukoo. Hadithi zilipigwa chapa kwa Kinandi chenyewe, tafsiri ikiandamana nayo. Heshima ambayo maafisa wengi wa enzi hiyo hawakuona haja ya kuitoa.

Hata hivyo, serikali aliyoitumikia ndiyo iliyokuwa ikigawa ardhi. Mwaka 1908, kabla wino wa kitabu kukauka, msafara wa Makaburu wa Van Rensburg uliwasili Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mwandishi alihifadhi maneno ya watu, malisho hayakuhifadhika. Na mwandishi anayetajwa kitabuni ni mmoja tu, ingawa elimu iliyomo ilitoka katika vinywa vya Wanandi wenyewe.

Hollis aliondoka mwaka 1912 kwenda Sierra Leone, kisha akahudumu Tanganyika. Kuanzia 1924 alikuwa Balozi Mkaazi wa Uingereza huko Zanzibar, ambako Baraza la Kutunga Sheria liliundwa mwaka 1926 chini ya Sultani Khalifa bin Harub.

Mwaka 1930 akawa Gavana wa Trinidad na Tobago, na hapo akakutana na hali inayofanana ajabu na ile ya Uasin Gishu. Hispania ilidai Trinidad tangu ujio wa Columbus mwaka 1498 hadi Waingereza walipoitwaa mwaka 1797, lakini San Fernando iliendelea kuitwa San Fernando. Katika vijiji vya milimani vya wakulima wa kakao, kama Lopinot, watu waliokuwa na asili ya Venezuela walipita nyumba kwa nyumba wakati wa Krismasi wakiimba kwa Kihispania, gitaa na kinanda kidogo cha nyuzi nne kiitwacho kuatro vikisindikiza. Desturi hiyo, parang, ingali hai, hata miongoni mwa waimbaji wasioijua vyema lugha ya nyimbo zao.

Hollis alistaafu ugavana mwaka 1936. Miaka mitano baadaye, kitabu chake kifupi cha historia ya Trinidad chini ya utawala wa Hispania kilichapishwa kisiwani humo. Aliaga dunia mwaka 1961, mwaka ambao Tanganyika ilijipatia uhuru. Kitabu cha Wanandi wangali wanakitumia watafiti wa lugha na mila za Wakalenjin.